Maneno ya Wengine Yamo Ndani: Dhidi ya Kompyuta Inayojifungua Yenyewe



Kuna desturi moja inayoenea katika nyumba zetu, nayo huingia kwa jina la wepesi. Familia inapata kompyuta. Mara nyingi ni moja tu, imenunuliwa baada ya kuweka akiba miezi mingi, au imetumwa na ndugu aliye mbali. Siku chache baadaye kijana wa nyumbani, au fundi aliyeitwa kuweka programu, anasema: «Kwa nini muandike neno la siri kila mara? Hapa ni nyumbani. Acheni niliondoe.» Anaingia katika mipangilio, anafuta alama katika kisanduku kimoja, na tangu saa ile mashine ikiwashwa inakwenda moja kwa moja mpaka ndani, bila kumuuliza mtu jina wala neno. Wote wanafurahi. Kijana anasifiwa kuwa ni mjuzi.

Sisi tunasema kwamba kijana huyo amekosea, na fundi huyo amekosea zaidi, kwa maana alijua alichokuwa akikifanya. Tunalisema bila kumung'unya maneno, kwa sababu nasi tulitenda kosa hilo hilo, na gharama yake hatukuilipa sisi. Ililipwa na mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya nyumba chache za mtaa wetu zenye kompyuta na mashine ya kuchapia. Ninyi mnajua maisha yalivyo. Jirani alikuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Mwanafunzi akaja na kazi yake ya mwisho wa masomo. Mama wa duka akaja kupangiwa hesabu zake. Hatukumkataa mtu. Na kwa kuwa umeme ulipokuja watu waliingia pia kuchaji simu, chumba chetu cha mbele kilikuwa kama kituo cha wote. Basi tukaliondoa neno la siri, ili yeyote wa nyumbani aweze kuwahudumia watu upesi.

Mama mmoja mjane akatuomba tumwandikie maelezo yake kwa ajili ya korti. Ndugu za marehemu mume wake walitaka kumwondoa katika kiwanja alichoachiwa pamoja na watoto wake. Alitutajia yote: mashahidi watakaosimama upande wake, hati alizokuwa nazo na, jambo lililo gumu zaidi, hati asiyokuwa nayo. Tuliandika, tukachapa, tukahifadhi. Siku ya kusikilizwa, upande wa pili ulifika ukijua kila kitu. Mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kutembelewa na kutishwa. Hati iliyokosekana ndiyo waliyoidai kwanza.

Hatukujua kamwe ni nani aliyesoma. Chumbani mle walipita watu wengi, na kompyuta haikuweza kutuambia lolote, kwa sababu mbele yake watu wote walikuwa mtu mmoja. Mama yule hakutupigia kelele. Alikuja jioni, akaketi, akasema: «Mwalimu, maneno yangu niliyaleta nyumbani kwako. Sikuyaleta njiani.» Hatukuwa na jibu siku ile, na mpaka leo hatunalo.

Kwa hiyo hoja yetu ni moja tu, nayo ni hii: neno la siri la kompyuta ya nyumbani si ukuta dhidi ya jamaa zetu. Ni deni tunalowadaia wale ambao mambo yao yamo ndani. Siri yako mwenyewe unaweza kuitangaza ukipenda. Ni mali yako. Siri ya mwingine huna ruhusa ya kuiacha wazi, hata kama ungekuwa mtu mwema kuliko wote. Hebu sasa tuzitazame sababu zinazotolewa na wapenda wepesi, moja baada ya nyingine.

«Hapa ni nyumbani, si ofisini»

Wengi wanadhani neno la siri lilibuniwa kwa ajili ya benki, majeshi na makampuni, na kwamba limeingia nyumbani kwa makosa. Historia inasema kinyume. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa na mafaili yake mwenyewe ndani ya mashine ile ile. Ndipo likawekwa neno la siri kwa kila mtumiaji. Hawakuliweka kwa kuwaogopa adui wa mbali. Waliliweka kwa sababu wenzao, watu waliofahamiana na kusalimiana kila asubuhi, walishirikiana chombo kimoja.

Tena lile tukio la kwanza linalojulikana la kuiba maneno ya siri lilitokea humo humo. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, alipata njia ya kuichapisha orodha yote ya maneno ya siri. Alikuwa mwenzao, na alichokitaka ni saa zaidi za kutumia mashine kuliko zile alizopewa. Angalieni vizuri: hakuwa jambazi, wala hakuwa na chuki. Alikuwa na haja ndogo na mlango uliokuwa rahisi kufunguka. Je, nyumba zetu haziishi hivyo? Kompyuta moja, watu saba, kila mmoja na haja yake. Nyumba ya Kikongo inafanana na chumba kile cha MIT kuliko inavyofanana na ofisi ya mtu mmoja mwenye ufunguo wake.

Wako waliowahi kufikiri kama kijana wetu, nao walikuwa mafundi wakubwa. Katika Windows 95, mtu aliyeliona dirisha la neno la siri aliweza kulifunga tu kwa kitufe cha kughairi, na mashine ikamwachia aingie. Dirisha lile lilikuwa pazia, halikuwa mlango. Lakini kompyuta nyingi za nyumbani za siku zile zilibeba barua na michezo tu. Ya leo imebeba maisha yote.

«Sisi tunaaminiana»

Sababu hii ndiyo nzuri kuliko zote, na kwa hiyo inahitaji kujibiwa kwa heshima. Kuaminiana ni hazina ya familia. Lakini tunauliza: je, ni yupi kati yenu aliyeondoa namba ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money au ya Orange Money, eti kwa sababu simu hulala nyumbani? Hakuna. Hata kijana anayempenda mdogo wake kwa moyo wote haachi faranga zake wazi. Wala mdogo hakasiriki kwa jambo hilo. Anaelewa kwamba fedha ina mwenyewe. Basi kumbe tunajua kwamba kufunga si kutukana. Tunafunga kile tunachokithamini. Tukiufunga mfuko wa fedha na kuyaacha wazi maneno ya watu, tumekiri kwamba kwetu fedha ina thamani kuliko watu.

Zaidi ya hayo, kuaminiana kwetu kuna mipaka tusiyoiona. Sisi tuliwaamini watoto wetu, na tulikuwa na haki ya kuwaamini. Lakini watoto wana marafiki, marafiki wana kaka, na kaka huja kuchaji simu. Mlango usio na kitasa hauwatambui jamaa na wapita njia. Unawapokea wote sawasawa. Na jambo likiharibika, shaka huwaangukia wote sawasawa. Baada ya kesi ya yule mama, tulimtazama kila mtu wa nyumbani kwetu kwa jicho la kuuliza, hata wasio na hatia, kwa miezi mingi. Tuliondoa neno la siri kwa jina la kuaminiana, na kutokuaminiana ndiko tulikokuvuna.

«Hakuna kitu cha maana humo»

Anayesema hivi hajafungua macho. Mlango wa kompyuta ukifunguka, milango mingine hufunguka nyuma yake. Barua-pepe kwa kawaida iko wazi, haiombi tena neno. WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta iko pale na mazungumzo yake. Programu ya kufungulia intaneti imekwisha kuyahifadhi maneno ya siri ya tovuti nyingi, nayo huyajaza yenyewe mbele ya yeyote aliyeketi. Na barua-pepe ndiyo mama wa funguo zote: aliye nayo anaweza kuiambia tovuti fulani «nimesahau neno langu», akatumiwa njia ya kuweka neno jipya, na mwenye akaunti akabaki nje ya nyumba yake.

Hapo hatujataja mambo ya watu. Vitambulisho vilivyopigwa picha kwa ajili ya maombi ya kazi. Alama za wanafunzi kabla hazijatangazwa. Karatasi za hospitali zilizotumwa kwa ndugu wa mbali. Orodha ya kikundi cha akiba, na kiasi ambacho kila mama amekopa. Kijana mwenye kusema «hakuna kitu» anahesabu vitu vyake tu. Sheria za nchi yetu nazo zimeanza kuhesabu tofauti: tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya mambo ya dijitali, ambayo ndani yake habari za binafsi za watu zinalindwa. Lakini hata kama sheria hiyo isingalikuwapo, adabu ya kutunza neno la mtu ilikuwapo kwa wazee wetu kabla ya kompyuta.

«Tumeliondoa tu»

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawawaelezi wenye nyumba. Kuingia bila kuulizwa si kuliondoa neno la siri. Neno linabaki, kilichobadilika ni kwamba mashine imelihifadhi ndani yake, nayo hujiandikia yenyewe kila inapowashwa. Ni kama mtu aliyechoka kutafuta ufunguo, akaamua kuuacha umechomekwa mlangoni upande wa nje. Katika Windows, njia moja ya kufanya hivyo huliandika neno hilo kwa herufi za kawaida katika kumbukumbu za mfumo, ambako anayejua pa kutazama atalisoma kama anavyosoma gazeti. Njia nyingine hulificha, lakini mtu aliyeingia kwa mamlaka ya msimamizi anaweza kulitoa. Na kama neno hilo ndilo hilo hilo mnalolitumia kwingine, kama wengi wafanyavyo, basi hamkuacha wazi mlango mmoja tu.

Watengenezaji wenyewe hawakuficha jambo hili. Microsoft, katika maelezo yake kwa mafundi, huonya kwamba kompyuta ikiwekwa hivyo, yeyote awezaye kuifikia kwa mkono anaweza kuyafikia yote yaliyomo, pamoja na mitandao iliyounganishwa nayo. Apple walikwenda mbele zaidi: katika kompyuta zao, ukiwasha ulinzi uitwao FileVault, unaogeuza yaliyomo katika diski kuwa fumbo, basi kuingia bila neno hakuruhusiwi tena. Wameona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja.

«Mwizi hazuiwi na neno la siri»

Kuna vijana wajuzi watakaotuambia: «Mwalimu, mwizi ataitoa diski, ataiweka katika mashine nyingine, atasoma yote. Neno lako la nini?» Wamesema kweli nusu. Neno la siri peke yake halitoshi. Linahitaji pia diski iliyogeuzwa kuwa fumbo, na kompyuta nyingi za siku hizi zina uwezo huo. Lakini ile nusu nyingine ni hii: katika kompyuta nyingi fumbo hilo hufumbuliwa mashine inapowashwa, na kinachobaki kumzuia mgeni ni lile swali la neno. Ukiliondoa swali, diski yenye fumbo haina faida. Mwizi hahitaji bisibisi, anabonyeza kitufe cha kuwasha tu.

Wala si lazima tumngoje mwizi. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua jinsi nyumba inavyoachwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye wakubwa wakaamuru sehemu ya mji wa Goma ihamwe. Watu kwa mamia ya maelfu walitoka, wengine wakielekea Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua mpaka Bukavu, kila mmoja na kile alichoweza kukibeba. Yaliyobaki nyumbani yalibaki. Na wengi wetu tumekimbia kwa sababu nyingine, zaidi ya mara moja. Katika nchi ambamo mtu anaweza kuiacha nyumba yake kwa dakika kumi, «ya nyumbani» si neno la kudumu. Kompyuta iliyo salama mezani leo, kesho iko mikononi mwa mtu usiyemjua. Swali ni kama itamwuliza jina lake.

«Wazee husahau, na umeme ni mfupi»

Sababu hizi mbili tunazikubali kuwa ni shida za kweli. Bibi anayetaka kuwaona wajukuu wake kwa video asifungiwe nje. Umeme ukija saa moja tu, hakuna anayetaka kuipoteza. Lakini shida ya kweli inataka dawa ya kweli, haitaki kuubomoa mlango.

Dawa zipo, tena si ghali. Kwanza, kila mtu wa nyumbani awe na akaunti yake katika mashine ile moja. Mmoja tu, mzazi au mkubwa anayeaminika, awe msimamizi. Bibi apewe akaunti yake nyepesi isiyo na barua ya mtu ndani yake. Pili, tangu Windows 8 inawezekana kutumia namba fupi ya siri badala ya neno refu. Namba hiyo hufanya kazi katika mashine ile tu. Anayeiona hawezi kuitumia kuingia katika akaunti yako akiwa kwenye mashine nyingine. Kuiandika ni kazi ya kupumua mara moja. Hakuna umeme mfupi kiasi hicho. Tatu, neno kuu liandikwe katika karatasi, liwekwe katika bahasha pamoja na vyeti vya nyumba, mahali mama anapopajua. Karatasi iliyofungiwa kabatini ni bora mara mia kuliko mlango ulio wazi. Nne, ukiinuka kwenda kumpokea mgeni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Skrini itajifunga, na kazi yako itakungoja palepale.

Tunakubali pia kwamba si kila mashine inahitaji kufungwa. Kompyuta ya zamani iliyowekwa ukumbini kwa kuonyesha maneno ya nyimbo, isiyo na barua wala akaunti ya mtu, na ijifungue yenyewe. Haimdai mtu kitu. Kipimo ni kile kile: je, yamo ndani mambo ya mwingine? Kama hayamo, fanya utakavyo. Kama yamo, hukuulizwa wewe peke yako.

Neno la mwisho kwa ninyi wajuzi

Vijana, tunawaandikia ninyi kwa sababu ninyi ndio mnaoitwa. Baba hajui kufuta alama ile katika kisanduku, mama hajui, ninyi mnajua. Katika nyumba nyingi za parokia zetu, kijana wa miaka kumi na saba ndiye anayeamua kama siri za watu wa mtaa zitakuwa na mlango au hazitakuwa nao, na mara nyingi anaamua akiwa amesimama, bila kuketi, ili asifiwe. Hayo ni mamlaka, hata kama hakuna aliyewapa kwa sherehe. Anayejua kufungua ndiye anayepaswa kujua kufunga. Na mtu akikuomba: «Niondolee hili neno, linanichosha», usimtii upesi. Mwulize kwanza: «Nani mwingine ameandika humu?»

Sisi tulirudisha neno la siri katika kompyuta yetu juma lile lile mama yule alipotutembelea. Mafaili ya watu sasa yanakaa katika akaunti isiyofunguliwa na mtoto wala mgeni, na kazi ya mtu ikikwisha tunampa katika flashi yake na kuifuta kwetu mbele ya macho yake. Lakini kiwanja cha yule mama hakikurudi. Tunapita mbele yake tukienda misa, na sasa kuna nyumba nyingine imejengwa pale.

Kwa kushirikishana katika kikundi:

1. Katika kompyuta ya nyumbani kwenu, au ya kikundi chenu, yamo mambo ya akina nani wasiokuwapo katika familia? Wao walijua kwamba yatasomwa na nani?

2. Ni nani kati yetu aliyeombwa kuondoa neno la siri la mtu mwingine? Alijibu nini, na leo angejibu nini?

3. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja atazame mashine anayoitumia: ikiwashwa, inauliza? Kama haiulizi, tukutane na aliyeiweka hivyo, tuzungumze naye kwa upole, na tusaidiane kuurudisha mlango mahali pake.